Albamu gani ya rock laini ya miaka ya 80 unaisikiliza mwanzo mwisho bila kuruka wimbo?

KandaTisini

Wakuu habari za jioni, naomba leo siasa zipumzike kidogo tuongee muziki. Nazungumzia ile rock ya redioni ya miaka ya themanini, sio ile ya kupiga kelele na kupondaponda magitaa jukwaani, hapana, ile yenye kinanda mbele, gitaa linalia lakini kwa adabu zake, afu kiitikio kikifika hata kama kizungu kinakupiga chenga unajikuta na wewe umo unaitikia. Wamarekani wanaiita AOR, yaani Album-Oriented Rock, jina lilitokana na redio zao za FM zilizokuwa zinapiga nyimbo za ndani ya albamu na sio singo peke yake.

Sitaki wimbo mmoja mmoja, hizo kila mtu anazo kwenye simu. Nataka albamu ambayo unabonyeza pley unaendelea kupasi nguo mpaka inaisha na hujaigusa.

Nauliza kwa sababu ya mjomba wangu, alikuwa baharia, akija Tanga anafikia kwetu na kila safari anaacha kitu. Safari moja akaacha kanda ya dakika tisini, upande A kaandika kwa biro nyekundu HYSTERIA, basi, hakuna jina la bendi wala nini. Nimekua na kanda hiyo. Sa hesabu yake iko hivi, kanda ya tisini kila upande dakika 45, na Hysteria ya Def Leppard ni dakika 62 na ushee, kwahiyo kanda ilikuwa inaisha katikati ya wimbo wa tisa, Run Riot, jamaa anaimba kwa raha zake mara klak, kitufe kimeruka. Na wimbo unaoitwa Hysteria ni wa kumi! Yani nimekaa na kanda imeandikwa Hysteria zaidi ya miaka kumi na wimbo wa Hysteria siujui. Nilikuja kuusikia ukubwani kwenye intaneti kafe, spika moja inakoroma, nikalipia nusu saa nyingine ili niurudie.

Kwahiyo mimi kura yangu mnaijua. Nyie je?

MseeWaNakuru

Sasa wasee wa Bongo. Hysteria ni poa sikatai lakini kama unatafuta album ya kuskiza bila kuruka, Foreigner 4, ya 1981, mambo kwisha. Na ujue prodyuza ni yule yule, Mutt Lange, hii ndio alifanya kabla hajaenda kuwapika Def Leppard miaka mitatu na zaidi studio. Kwa 4 bado alikuwa anaacha wasee wapumue.

Jina lenyewe ni 4 juu ni album ya nne na pia walikuwa wamebaki wanne, walianza sita. Mzae alikuwa na santuri yake, hiyo kava nyeupe na nyeusi, ilikuwa inakaa juu ya kabati na hatukuruhusiwa kuishika, tulikuwa tunaishika akienda kazi. Juke Box Hero inaanza pole pole hivi, ni besi tu na msee anakuhadithia kuhusu kijana amenyeshewa nje ya shoo hana tiketi, halafu gitaa inaingia kama mlango umepigwa teke. Urgent ile saksafoni ni Junior Walker, yule wa Motown, mzee mzima aliitwa studio akapuliza. Na ile kinanda kama ya ndoto mwanzo wa Waiting for a Girl Like You ni Thomas Dolby, wakati huo ni kijana Mwingereza hata jina hajapata.

Kitu inaniuma mpaka leo, Waiting for a Girl Like You ilikaa namba mbili Marekani wiki kumi. Wiki KUMI buda, na haikugusa namba moja. Wiki tisa kati ya hizo ilikuwa imekaliwa na Physical ya Olivia Newton-John, ile ya mazoezi. Halafu Physical ikitoka unafikiria sasa ni zamu yao, Hall & Oates wakapita katikati.

BintiWaMoshi

Mimi ni Toto IV na sitetereki. 1982. Najua mnacheka, mnadhani nasema kwa sababu ya Africa. Africa ni wimbo wa mwisho kabisa kwenye albamu, wa kumi, na Steve Lukather gitaa wao alishasema mara nyingi kwamba hakuamini kama ule wimbo ungefika popote. Ukafika namba moja Marekani Februari 1983.

Ila tuongee ukweli jamani, sisi watu wa Moshi ule wimbo unatutesa. Unaambiwa Kilimanjaro umesimama juu ya Serengeti! Serengeti ipi? Mimi nimezaliwa nikifungua dirisha la jikoni mlima uko pale, na Serengeti nimeenda na shule, tumetoka Moshi, tumepita Arusha, tumepanda Ngorongoro, tumeshuka, mabasi yametapikiwa mara mbili, ndio tunaingia Serengeti. Geuka utafute mlima kama utauona. David Paich aliyeuandika alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika, na inaonekana.

Lakini anzeni upande A. Rosanna. Vaeni hedifoni msikilize Jeff Porcaro kwenye dramu, msiangalie zile ngoma kubwa, sikilizeni mkono wa kushoto kwenye sneya, kati ya pigo na pigo kuna vipigo vidogo vidogo vya chini chini kama mtu anakuna meza kwa kucha, ukivikosa vile wimbo mzima unakuwa bapa. Mdogo wangu anapiga dramu kanisani amehangaika nao mwaka mzima mpaka baba akamwambia achague kati ya Rosanna na kulala ndani. Afu kuna I Won't Hold You Back, ambao kama umeachwa juzijuzi usiuguse. Walipata Grammy ya albamu ya mwaka na sio kwa huruma, hawa jamaa walikuwa mafundi wa kukodiwa wa Los Angeles, kwenye Thriller ya Michael Jackson wamo, Human Nature muziki wake ni wa Steve Porcaro.

MseeWaNakuru

@BintiWaMoshi pole dada. Shida yenu mnaangalia mlima kutoka dirisha ya jikoni. Hao Toto wangekuja Amboseli huku Kenya wangeuona vizuri na ndovu mbele yake na wimbo ungekuwa sahihi 😂

BintiWaMoshi

@MseeWaNakuru mlima ni wetu, nyie mmepewa kuuangalia tu. Endelea na 4 yako kaka.

JikoniDoha

Wakuu kwa jiografia msiwaonee Toto peke yao. Don't Stop Believin' ya Journey kuna kijana anatajwa kuwa amekulia Detroit ya kusini. Ukishuka kusini mwa katikati ya Detroit unakutana na mto, ukivuka mto uko Kanada 😂 Steve Perry, mwimbaji wao wa enzi hizo, mwenyewe alikuja kukiri, yeye alichotaka ni neno linaloimbika vizuri.

Kura yangu ni hiyo hiyo, Escape, Journey, 1981. Na mimi sikuijulia nyumbani, nimeijulia huku Ghuba. Nafanya kazi jikoni hotelini, sehemu kubwa ya wenzangu ni Wafilipino, na kama hujakaa na Wafilipino huijui karaoke. Siku ya mapumziko wanatoa mashine sebuleni, wali upo, samaki yupo, na kabla saa moja haijaisha lazima mtu aimbe Open Arms. Mara ya kwanza nilidhani ni wimbo wa kwao! Ndio wakanihadithia habari ya Arnel Pineda. Journey walikuwa wanahangaika kutafuta mwimbaji, mpiga gitaa wao Neal Schon akawa anazungukazunguka YouTube 2007 huko, akamkuta jamaa wa Manila anaimba nyimbo zao kwenye klabu, sauti ni Steve Perry mtupu. Wakamwita Marekani akajaribiwa, akachukuliwa. Hawa wenzangu wakiisimulia ile stori unaona mtu anakaa vizuri kwenye kiti. Yupo mmoja ni mwosha vyombo, kimya kutwa nzima, ukimpa maiki sauti inayotoka huwezi kuamini ni yeye aliyekuwa anakwangua masufuria mchana.

Turudi kwenye albamu. Kilichoibadilisha Journey ni kuingia Jonathan Cain kwenye kinanda, alitoka bendi inaitwa The Babys, kabla yake walikuwa wanapiga vizuri lakini nyimbo hazikai kichwani. Angalieni Don't Stop Believin' ilivyojengwa, wimbo una dakika nne na kidogo na kiitikio chenyewe kinaingia dakika ya tatu imeshapita! Prodyuza wa leo angekufukuza studio. Watu wanasubiri, wanasubiri, kikifika wote wamesimama. Stone in Love naona ni bora kuliko hiyo, na Mother, Father ni wimbo ambao hakuna redio inapiga lakini Perry anaimba mle kama anadaiwa.

Halafu KandaTisini, umesema upande A. Upande B kulikuwa na nini?

ChumaCheusi

Samahani nawaharibia sherehe. Hii mnayoiita rock ni muziki wa kiwandani. Bendi zote zinafanana, nywele zinafanana, prodyuza walewale watatu wanne, nyimbo zinanunuliwa kwa watunzi wa kukodi, mapenzi mapenzi mapenzi afu solo ya gitaa sekunde ishirini kisha kiitikio kinapandishwa noti moja mwisho ili msikilizaji adhani kuna jipya. Mimi miaka hiyo hiyo nasikiliza Metallica na Iron Maiden huko ndiko kulikuwa na watu. Hizi zenu ni za kuwekwa kwenye lifti.

Fundi_Spika

@ChumaCheusi mkuu una hoja lakini umechanganya mafaili. Kiwandani? Mchukue Tom Scholz wa bendi ya Boston. Injinia, amesoma chuo cha MIT, alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya kamera ya Polaroid huku anarekodi kwenye besimenti ya nyumba yake, vifaa vingine ametengeneza mwenyewe. Albamu ya pili 1978, ya tatu, Third Stage, ikatoka 1986. Miaka minane! Kiwanda gani kinachozalisha namna hiyo kisifungwe? Ameshtakiana na kampuni ya rekodi, ametoka, ameendelea kurekodi polepole, na kwenye jalada akaandika kabisa kwamba hakuna sinthesaiza iliyotumika, miaka ambayo kila mtu kinanda kimejaa mpaka sebuleni. Sauti nyingi unazodhani ni sinthesaiza ni magitaa. Mimi ni fundi wa vifaa vya muziki nakuambia zile sauti nimezifungulia mashine mara mia natafuta amefanyaje.

Na Amanda, wimbo wa humo, ikaenda namba moja bila video, enzi za MTV, bila hata picha moja ya mtu na upepo kwenye nywele.

Sio albamu ya kila mtu lakini, nakubali upande wa pili kuna mahali inasinzia kidogo.

BintiPangani

Mbona wanaume watupu humu, hakuna anayemtaja Ann Wilson? Heart, ile albamu ya 1985 inayoitwa Heart tu. Dada wawili, Ann na Nancy, miaka ya sabini walikuwa wanaandika nyimbo zao na kupiga magitaa yao, themanini zikafika wakaonekana wamepitwa, kampuni ikawaambia imbeni nyimbo za watunzi wa nje na vaeni hivi. Kwahiyo @ChumaCheusi hapo kwenye watunzi wa kukodi umesema kweli na wao wenyewe hawakufurahi, wameshasema. Ila albamu ikawapa namba moja yao ya kwanza.

Na raha yake ni hii, wimbo wao wa kwanza kufika namba moja, These Dreams, hakuimba Ann mwenye sauti ya kupasua vioo, aliimba Nancy, tena siku ya kurekodi anaumwa mafua, sauti imekwaruza, prodyuza akaipenda hivyohivyo. Sikilizeni mistari ya mwanzo mtasikia kabisa pua imeziba. Mimi nikiwa na mafua ndio wimbo ninaoweza kuuimba bila kuchekwa.

Bad Animals ya 1987 ina Alone, sawa, ila ukitoa Alone nyingine unaweza kuruka. Na muuliza uzi kasema bila kuruka.

MwanaKwaya77

Mmemsahau Mr. Mister, Welcome to the Real World, 1985. Broken Wings namba moja, Kyrie namba moja, albamu nayo ikakaa namba moja. Mimi Mkatoliki, nilipousikia Kyrie mara ya kwanza kwa jirani nikasimama kabisa, nikadhani ni kwaya ya wazungu na magitaa maana yale maneno ndiyo tunayoyaimba misani, Bwana utuhurumie, nikamuuliza jirani hii ni misa gani akanicheka wiki nzima. Sijui kama albamu nzima inabeba ila hizo mbili zinatosha kunifanya niivumilie iliyobaki 😅

YakheForodhani

Mie nashangaa, mnazungumza rock ya themanini kurasa hizi zote na hamjamtaja mtoto wa hapa Mji Mkongwe. Freddie Mercury wa Queen kazaliwa Unguja 1946, si habari ya kubishana. The Works, 1984, haya, Radio Ga Ga imo, I Want to Break Free imo. Kama hiyo si ya redioni basi jina lake lenyewe limekosea yakhe.

Fundi_Spika

@YakheForodhani Queen ni nchi yao peke yao mzee wangu, ukiwaingiza kwenye mashindano haya wengine wote warudi nyumbani. Tuwaache waalikwa wa heshima, wakae mbele.

YakheForodhani

Haya, mbele tutakaa. Lakini chai iletwe.

KandaTisini

Daah wakuu mmenipa kazi ya wiki nzima, nimekesha. Nianze na malalamiko, BintiWaMoshi nimevaa hedifoni nikatafuta huo mkono wa kushoto wa Porcaro, sasa nikisikiliza dramu ya wimbo mwingine wowote naona kama mtu anapiga ndoo. Foreigner 4 nimeisikiliza mara mbili, sijaruka kitu, MseeWaNakuru chukua pointi zako, ila Hysteria bado siiachi na nitakuambia kwa nini. Yule mpiga dramu, Rick Allen, alipata ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984, mkono wa kushoto ukakatika, na bendi haikutafuta mtu mwingine. Akatengenezewa dramu za umeme, kazi ya mkono wa kushoto ikahamia mguu wa kushoto, akajifunza upya. Wakati nakua sikulijua hilo, mjomba hakuniambia, au labda na yeye hakujua. Nilipokuja kulijua nikarudi kusikiliza upya yale mapigo ya Animal na Love Bites, mazito, yametulia, hakuna la ziada, nikaona ahaa, kumbe haya mapigo yana nafasi kati yake kwa sababu yanapigwa na mtu aliyehesabu kila moja.

ChumaCheusi nimekusoma, ni kweli vinafanana, na mimi ndio nilivyovipendea. Ukirudi shule jua kali, nyumbani hamna mtu, unataka kitu unachojua kitafikia wapi.

JikoniDoha umeuliza upande B na umenigusa pale pale. Upande B ndio ilikuwa Escape! Haikuandikwa kitu, mpaka nimemaliza darasa la saba nilikuwa najua ni bendi ileile moja, kwamba upande huu wameamka na hasira upande ule wamepoa. Escape ni dakika 42 na kitu kwahiyo yenyewe ilienea yote, mpaka Open Arms, na bado kanda inabaki dakika kama mbili hivi. Na kwenye hizo dakika mbili mjomba hakuwa amefuta kilichokuwepo mwanzo. Perry anamalizia, kinanda kinafifia, kimya kidogo, halafu vuuup, mpira redioni. Mtangazaji yuko juu kabisa, makelele ya uwanja, haelezi ni timu zipi maana keshazitaja huko nyuma kulikofutwa, anasema mpira umetoka nje, ni kona, anakwenda kuupiga, watu wamejazana golini, klak.

Juzi nimempigia mjomba, yuko Mwambani siku hizi, kazeeka, nikamuuliza ile ilikuwa mechi gani. Akanambia kanda gani.